Usimpeleke Mgeni Kwa Da Esther

Sehemu ya Tisa: Sahani Juu ya Ndoo

Ijumaa, tarehe 9 Agosti. Upepo wa kusini ulianza kupiga Kigoma kabla ya alfajiri. Moshi wa mashamba ulitanda angani, milima ya Kongo haikuonekana, na kule Kibirizi mawimbi yalipanda ufukweni mpaka yakalowesha dagaa walioanikwa mchangani.

Boti ya Gombe haikuondoka.

Hapo ndipo tulipomwacha Joanitha wiki iliyopita: amesimama mbele ya banda la samaki, mikono ameitanua kama golikipa. Mbele yake alikuwa Mama Aikande wa Machame, shangazi wa bwana harusi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hakuzoea kuambiwa "hapana" na mtu aliyezaliwa nyuma yake.

"Shangazi, humu hapana," alisema Joanitha.

"Kwa nini hapana?"

"Hapana tu."

"'Hapana tu' ni jibu la mtoto wa darasa la pili. Shusha mikono."

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, jua hili: harusi ni kesho. Noel, kijana wa Machame aliyeletwa Kigoma na kazi ya maji, anamwoa Selina, binti wa Mzee Feliksi wa Rusimbi. Wageni wametoka Kilimanjaro, wamevuka nchi nzima. Kamati ya harusi ilimpa Joanitha, binamu yake Selina, kazi moja tu: walishe, watembeze, warudishe wakicheka.

Na Joanitha aliifanya kazi hiyo kwa moyo na kwa sala. Jumatano aliwapeleka Ujiji, wakaona makumbusho, wakatembea ile barabara ya zamani ambayo watumwa walipitishwa kwa minyororo. Mama Aikande alisimama pale, akafanya ishara ya msalaba ingawa yeye ni Mlutheri. Alhamisi wakaiona stesheni ya Mjerumani, kisha Katonga, kutazama jua likizama upande wa Kongo.

Chakula nacho hakikuwaangusha. Mwanga, mtaa wa hapa hapa Kigoma, walikula samaki kuhe kwa ndizi. Ujiji walikula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese. Joanitha aliwaonya mapema: "Mbele ya mawese usivae nyeupe. Doa lake halisikii sabuni." Walter, baba mdogo wa Noel, hakusikia. Shati lake la harusi sasa lina ramani.

Mji mzima Joanitha aliwafungulia, isipokuwa mlango mmoja.

Kabla wageni hawajafika, Mzee Feliksi alimwita chumbani. "Wageni wale popote," alisema. "Lakini usimpeleke mgeni kwa Da Esther."

"Kwa nini, Mjomba? Si ndiye anayechoma migebuka kuliko wote?"

Mzee aliifunga Biblia yake kwa kishindo. "Nimekwambia."

Shida ni kwamba Kigoma haina siri ya samaki. Dereva wa bajaji aliwauliza wageni: "Mmeshakula kwa Da Esther?" Mlinzi wa nyumba ya wageni akauliza hivyo hivyo. Hata mtembezaji wa kule makumbusho, baada ya kueleza habari za wazungu wawili waliokutana pale zamani, alimalizia: "Lakini kama hamjala kwa Da Esther, hamjafika Kigoma."

Kila jina hilo lilipotajwa, Joanitha alibadilisha mazungumzo. Na kila alipobadilisha, Mama Aikande alimtazama.

Mwalimu mkuu mstaafu, msomaji! Alikuwa amewakamata watoto wenye karatasi kwenye soksi. Je, angeshindwa kumwona msichana anayeficha banda zima la samaki?

Joanitha alikuwa amepanga wapande boti ya Gombe asubuhi mapema, wapite Kibirizi kabla moto wa Da Esther haujawashwa. Upepo ukaupangua mpango wake. Abiria wa kijiji cha Mwamgongo nao walikwama, wakajazana bandani kungoja ziwa litulie. Harufu ya samaki ikatoka nje, ikawafuata wageni wenye njaa.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alisema Walter, simu yake ya picha ikiwa mkononi kama kawaida. "Mimi nauliza samaki tu."

Mama Aikande hakungoja zaidi. Aliinama, akapita chini ya mkono wa Joanitha, akaingia.

*

"Karibuni, wageni! Mwakeye!"

Sauti hiyo ya salamu ya Kiha ilitoka ndani ya moshi. Kisha mwenye sauti akatokea: mwanamke mrefu, kitenge amekifunga kiunoni, uso wenye jasho na kicheko. Mji mzima ulimwita Da Esther kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumwitia Mama Fulani.

"Kaeni. Nyie vijana wa Mwamgongo, sogeeni, wageni hawakai juu ya magunia. Baba, wewe mwenye shati la mawese, unataka mgebuka au unataka kumpiga picha?"

"Vyote viwili," alisema Walter.

"Picha haishibishi."

"Lakini inamtesa aliyebaki nyumbani."

Banda likacheka. Da Esther naye akacheka, na meno yake yakaonyesha mwanya mpana.

"Loo!" alisema Walter. "Kumbe Kigoma wenye mwanya ni wengi. Na bibi harusi wetu anao hivyo hivyo."

Kicheko cha Da Esther kilikatika. Akarudi kwenye moto haraka, akageuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

Joanitha aliliona hilo. Akaketi ukingoni mwa benchi, akaanza kusali ndani kwa ndani.

Samaki wakaja. Da Esther aliwafundisha: usimkate mgebuka vipande, mshike kichwa, mwinue mgongo taratibu, mfupa wote unatoka pamoja. Mama Aikande alijaribu, mfupa ukatoka. Akala. Akala tena.

"Mama," alisema hatimaye, "nimekula samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, nimekula wa Dar es Salaam. Hawa wako wana jambo."

"Asante, mama yangu. Ni chumvi kidogo na subira."

Mama Aikande akamgeukia Joanitha, akanong'ona: "Sasa mwanamke huyu ana kosa gani hata ufe ukimficha?"

"Mjomba alinikataza tu, Shangazi. Haki ya Mungu sijui kwa nini."

Na alikuwa anasema kweli. Wakati huohuo Noel akaingia, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi usoni.

"Shangazi! Nimewatafuta ufukwe mzima..."

Mwiko ukamponyoka Da Esther.

Alivuta khanga kutoka begani, akajifunika kichwa na uso, akageukia ukuta. Mwanamke aliyekuwa akitania banda zima sasa alisimama kama mwali wa siku ya kwanza.

Mama Aikande aliweka mfupa wa samaki mezani. Aliuweka polepole sana.

"Noel."

"Naam, Shangazi."

"Unamfahamu mama huyu?"

"Da Esther? Namfahamu. Nilipohamia Kigoma nilikuwa nakula hapa kila siku. Alikuwa ananiita Bwana Bomba, ananiuliza lini nitaleta maji Mwamgongo."

"Mbona sasa amekugeukia ukuta?"

Noel alijikuna shingo. "Hata mimi sielewi. Ameanza mwaka jana. Nikiingia, anajificha. Samaki ananiletea mtu mwingine. Nikaona labda nimemkosea, nikaacha kuja."

"Mwaka jana kabla ya posa au baada ya posa?"

Noel akafikiri. "Baada."

"Ahaa."

Neno hilo lilifunga kama kufuli. Walter, aliyekuwa akirusha video ya samaki moja kwa moja kwenye kundi la simu la Wageni wa Harusi, aliinua simu taratibu, akaielekeza kwa watu. Kundi hilo lina wageni wote. Lina kamati yote. Hata bibi harusi yumo.

"Shangazi, ahaa ya nini?" aliuliza Noel.

"Mimi si mtoto, Noel. Mwanamke anamlisha kijana kila siku, anamtania. Siku kijana anaposa kwingine, mwanamke anaficha uso. Na baba wa bibi harusi anakataza tusile kwa mwanamke huyo. Mimi nauliza mbele ya watu: una nini na mama huyu?"

"Shangazi! Ana umri wa mama yangu!"

"Mama yako hajifuniki khanga ukiingia."

Banda likaguna. Bibi mmoja wa Mwamgongo alisema "Yesu!" kwa sauti. Kijana mmoja akacheka, akapigwa kofi la kisogo.

Kutoka nyuma ya khanga, Da Esther alisema: "Mama mgeni, nitukane mimi. Kijana usimtukane. Hana kosa."

"Kama hana kosa, basi ni jambo rahisi," alisema Mama Aikande. "Toka hapo ukutani. Chukua sahani, mpe mkononi, mtazame usoni. Ukifanya hivyo mimi nitapiga magoti hapa hapa nikuombe radhi."

Nje, upepo ulipiga mabati.

Joanitha alifumba macho. Ee Mungu, nipe la kusema, au nipe nguvu ya kunyamaza. Lakini usiniache katikati.

Alipoyafumbua, Da Esther alikuwa ameshika sahani.

Mgebuka mzima, ugali pembeni, pilipili juu. Alikuja taratibu, uso umefunikwa, macho chini, anatembea ubavu-ubavu. Noel akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyofundishwa na wazazi wake. Kilichobaki kilikuwa hatua chache tu.

Da Esther alisimama.

Ni jambo dogo, msomaji, kumpa mtu samaki. Alikuwa amewapa samaki maelfu ya watu. Kumpa huyu mmoja kungelisafisha jina lake, kungeiokoa harusi, na kila mtu angerudi kwenye chakula chake.

Akashindwa.

Alizunguka ndoo iliyofunikwa kifudifudi, akainama, akaiweka sahani juu yake. Kisha akageuka, akampa Noel mgongo, akasimama hivyo.

"Mmeona!" Mama Aikande aliinuka. "Mmeona wote! Ameshindwa!"

"Ah! Bando limekata," alinung'unika Walter, akaishusha simu. Hakuna aliyemjali. Wewe likumbuke hilo.

Lakini Mama Aikande alikuwa anashangilia peke yake. Nahodha Leonardi, mzee wa boti ya Mwamgongo, alikuwa amevua kofia. Bibi aliyesema "Yesu" alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Waliokulia ufukweni huku na kule milimani Buhigwe walikuwa wameelewa, wote kwa mara moja. Wageni tu ndio waliobaki nje.

Na Joanitha naye akaelewa.

Alimkumbuka bibi yake. Baba yake Joanitha alipokwenda ukweni, bibi hakumpa hata kikombe cha maji mkononi. Alikiweka juu ya kinu, akageuka, akampa mgongo mpaka amalize kunywa. Joanitha mdogo aliuliza: "Bibi, umemkasirikia baba?" Bibi akacheka. "Mkwe hapewi mkononi, mwanangu. Si hasira. Ni heshima iliyozidi maneno."

Siku hizi mjini wengi wameacha. Lakini waliolelewa nayo, mikono yao hukataa.

Sasa Da Esther, asiye na mtoto, amempata wapi mkwe?

"Mbona mmenyamaza?" Mama Aikande aliwatazama watu mmoja mmoja. Ushindi ulianza kumtoka usoni. "Mnaficha nini? Hata nyie mpo kwenye njama?"

"Mama mgeni," alisema Nahodha Leonardi, "kwenu mlimani mwanamke akiwa na hawara hufanyaje?"

"Nitajuaje? Sijawahi kuwa naye."

Watu wakacheka, mara wakajizuia.

"Basi kwetu hawara hageuziwi mgongo," aliendelea mzee. "Hawara huchekewa. Anayegeuziwa mgongo namna ile ni mtu mmoja tu."

"Nani?"

Nahodha alimtazama Joanitha. "Wewe ni mtu wa nyumba ile. Haifai niliseme mimi."

Macho yote yakamgeukia. Joanitha aliona njia mbili, zote za miiba. Akinyamaza, Da Esther atatoka hapa akiwa hawara wa bwana harusi, na jina hilo litafika Mwanga kabla ya sahani kupoa. Akisema, anavunja nyumba ya mjomba wake aliyemlea.

Da Esther bado alikuwa amesimama, mgongo kwa watu.

"Mkwe," alisema Joanitha. "Anayegeuziwa mgongo ni mkwe."

*

Mama Aikande alikaa chini.

"Mkwe wa nani?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mkwe wetu ni Mama Catherine, mke wa Mzee Feliksi. Mkaja wa mama wa bibi harusi nimemfunga mimi kiunoni, kwa mikono hii, akapigiwa vigelegele."

Kisha akakumbuka. Mwanya. Urefu. Namna ya kucheka kichwa kikienda nyuma. Akamtazama Da Esther, akautazama mlango, kana kwamba Selina angeingia amsaidie kulinganisha.

Aliyeingia hakuwa Selina. Bajaji ilifunga breki nje, na Mzee Feliksi akaingia akihema, koti la kanisani amelivaa juu ya fulana. Joanitha alikuwa amemtumia ujumbe kwamba boti imezuiwa, na yeye alijua upepo ule utawasukuma wageni wapi.

"Joanitha! Nilikukataza nini?"

"Shikamoo, Mjomba," alisema Joanitha, machozi yakimtoka.

"Karibu, Mzee Feliksi," alisema Mama Aikande. "Tulikuwa tunazungumza habari za ukwe."

Mzee aliangalia sahani juu ya ndoo. Akaangalia mgongo wa Da Esther. Uso wake ukawa wa kijivu kama dagaa.

"Esther. Umesema nini?"

"Sijasema." Hakugeuka. "Niliapa sitasema, na sijasema hata leo. Nimeshindwa kumpa sahani tu."

Mzee wa kanisa Feliksi akakaa kwenye gunia, pale pale ambapo wageni hawakai.

Aliyoyasema baadaye aliyasema kwa vipande. Alikuwa kijana, ameoa, anafanya kazi ya kununua samaki Mwamgongo. Esther alikuwa msichana wa pale. Esther alipomzalia mtoto, yeye na mkewe Catherine hawakuwa na mtoto. Catherine alilia, kisha akasema: mlete. Mtoto alipoacha kunyonya walimchukua, wakahamia Tabora, wakarudi miaka kadhaa baadaye na binti anayemwita Catherine mama. Esther naye alihama kijijini, akafungua banda Kibirizi, mahali ambapo angeweza kumwona Selina akipita kwenda shule.

"Catherine anajua?" aliuliza Mama Aikande.

"Anajua. Amemlea kama wa tumbo lake."

"Na Selina?"

"Hajui kitu."

Mama Aikande alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga. "Mimi wakati wa posa niliuliza magonjwa. Niliuliza uchawi. Niliuliza mpaka habari za babu aliyekunywa pombe. Na wewe, Mzee, ulinitazama usoni, ukaniacha nimfunge mkaja mwanamke ambaye hakuumia kwa mtoto yule."

"Aliumia," alisema Da Esther kwa mshangao wa wote. "Mama Catherine ameumia. Usiku mtoto akiugua surua, aliyekesha si mimi. Usimvue mkaja wake. Mimi sijaomba mkaja."

"Umeomba nini?"

"Kukaa nyuma kanisani. Mzee amenikataza hata hilo."

Watu wa Mwamgongo wakamtazama Mzee Feliksi. Sikutamani, msomaji, kuwa ndani ya koti lile.

Mzee aliunganisha mikono. "Nawasihi. Nyote. Lisitoke humu ndani. Harusi ipite kwanza. Baada ya harusi nitamwambia mwanangu mwenyewe."

"Baada ya harusi lini?" aliuliza Mama Aikande. "Akizaa? Akizeeka?"

Kabla hajajibu, simu ya Noel ililia. Ujumbe wa sauti. Kidole chake kilikosea, ukafunguka kwa sauti kubwa, na banda lote likamsikia Selina:

"Noel, nimeiona video ya Baba Mdogo. Nimemsikia shangazi yako akiuliza swali zuri sana: una nini na Da Esther? Na nimemwona huyo mama akishindwa kukutazama. Usinijibu kwa simu. Niko kwenye bajaji, nimeshapita stesheni. Mtu asiondoke hapo."

Shingo zote zikamgeukia Walter.

"Nilirusha kidogo tu," alisema Walter. Jasho lilikuwa likimtiririka juu ya ramani ya mawese. "Samaki, halafu... halafu bando likakata."

"Likakata wapi, Baba Mdogo?" aliuliza Noel.

"Kabla ya neno mkwe."

Sasa tazama ilivyokaa, msomaji. Selina anakuja na nusu ya jambo, na nusu hiyo ni ile mbaya. Noel hawezi kujisafisha mpaka afungue siri ambayo si yake. Na bajaji haiko mbali.

Mzee Feliksi akaruka kutoka kwenye gunia. "Mwambieni ulikuwa utani wa wageni! Esther, panda boti ya Leonardi, nenda Mwamgongo, ukae huko mpaka Jumapili."

"Kwa upepo huu sipakii hata mbuzi," alisema Nahodha Leonardi. "Na ningekuwa na ziwa tulivu kama maji ya kikombe, leo nisingempakia."

Lakini Da Esther alikuwa ameanza kufungua kitenge chake cha kazi. Alikikunja vizuri, akakiweka juu ya meza. "Nitapita mlango wa nyuma," alisema. "Mwambieni mnavyotaka. Mwambieni mimi ni mwanamke mbaya, niliyemtamani kijana wa watu, naye akanikataa. Atakasirika leo, kesho ataolewa. Mimi nimezoea."

"Da Esther, usi..." Joanitha alimshika mkono.

"Niache, mwanangu. Nimemtoa mara moja, sitashindwa mara ya pili."

Mzee Feliksi alimshika Noel bega. "Kijana wangu, umesikia. Mwenyewe amekubali. Nyamaza tu."

Noel aliutoa mkono ule begani, kwa adabu. Alikwenda kwenye ndoo. Akaichukua ile sahani iliyokuwa imepoa, akamega ugali, akamega samaki, akala tonge moja mbele ya watu wote. Kisha akairudisha sahani juu ya ndoo.

Halafu akageuka, akampa Da Esther mgongo.

Joanitha alidhani anaondoka. Mama Aikande naye alidhani hivyo, akainuka amzuie. Lakini Noel hakuondoka. Alisimama imara, miguu ameipanua kidogo, kati ya mwanamke yule na mlango wa mbele, uso wake ukielekea barabarani ambako vumbi la bajaji lilikuwa likipanda kwenye kona.

Da Esther, mkono kwenye mlango wa nyuma, aliuona mgongo ule. Akaelewa kuwa amepewa heshima yake, mbele ya watu, na kijana asiyeijua hata lugha yake. Miguu ikakataa kutoka.

Nahodha Leonardi akasimama. Abiria wa Mwamgongo wakasimama mmoja baada ya mwingine, hata yule aliyepigwa kofi. Walter aliizima simu yake, akaitia mfukoni.

Bajaji ikasimama nje. Mlango wake wa turubai ukafunguliwa.

Noel alisema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka majini:

"Mama, desturi hii nimeijua leo, na kama nimekosea kusimama, unisamehe. Hutapita mlango wa nyuma. Nitasimama hapa, mgongo wangu kwako na uso wangu kwa Selina, na hatasikia uongo kutoka kinywani mwangu, hata harusi ikivunjika hapa hapa juu ya mchanga. Na akinikubali, kesho kiti cha mama kanisani mtakaa wawili, wewe na Mama Catherine. Mmoja wenu akikosekana, mimi sitaingia. Naahidi mbele ya Mungu, mbele ya shangazi yangu, na mbele yenu nyote mliozuiwa na upepo."